Spika za sinema sebuleni: kuchagua na kuzipanga kwenye nyumba ya bloku na vigae

Sebule nyingi za Njiro na Sakina za Arusha, au kule Shanty Town ya Moshi, zinafanana: kuta za bloku zilizopigwa plasta, vigae chini, dirisha pana la aluminiamu, na makochi yaliyozunguka kuta. Sauti ikigonga humo inarudi, inagonga tena, inarudi. Ndiyo maana seti iliyokupendeza dukani ikifika nyumbani inageuka kelele: maneno ya waigizaji hayashikiki, mlipuko ukija unakimbilia rimoti.

Kabla ya kutoa hela piga kofi moja kali katikati ya sebule. Ukisikia mlio unaobaki hewani kama wa bati, weka kwanza zulia nene kati ya makochi na TV, na mapazia mazito yanayofika sakafuni. Kabati la vitabu kwenye ukuta wa nyuma nalo linasaidia. Trei za mayai achana nazo. Hazizuii besi hata kidogo, na moto ukitokea zinawaka haraka.

Dukani usisome boksi. Namba kama PMPO 12000W ni ya kuuzia. Geuza mashine, soma kibandiko cha nyuma palipoandikwa umeme inaokula. Mashine inayokula wati 60 haiwezi kuzipa spika zaidi ya hizo wati 60 kwa mfululizo, hata boksi liape. Unachotafuta ni wati za RMS, yaani zile za mfululizo, na kwa sebule ya mita 4 kwa 5, wati 30 mpaka 50 za kweli kwa kila spika zinatosha kabisa. Ukinunua ampu (mashine ya kukuza sauti) na spika kila kimoja peke yake, angalia omu, yaani ukinzani wa spika: ampu iliyoandikwa omu 6 hadi 8 ukiifungia spika za omu 4 itachemka na kujizima, au itaungua.

Vya mtumba vina mtego wake. Ampu ya Japani imetengenezwa kwa volti 100, ya Marekani kwa 120, na soketi yako ina 230. Ukichomeka moja kwa moja imekufa. Itahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa karibu mara mbili ya wati za kwenye kibandiko, kwa hiyo jumlisha gharama hiyo kabla hujafurahia bei.

Kama fedha haitoshi seti nzima ya spika tano na sabufa (spika ya besi), anza na tatu za mbele zilizo nzuri, sabufa ifuate, za nyuma zije mwisho. Katika filamu mazungumzo karibu yote yanatoka spika ya kati. Hiyo usiipunje.

Waya: nunua wa shaba wa 1.5 mm² kwa umbali usiozidi mita 10, na 2.5 mm² ukizidi hapo. Kwangua ncha kwa wembe. Ukiona weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na inakatika ovyo. Menya sentimita moja, sokota vizuri, usiache unyuzi hata mmoja ukigusa upande wa pili, maana hapo ndipo ampu nyingi zinapofia. Chanya kwenye chanya, hasi kwenye hasi. Spika moja ikigeuzwa besi inapotea na sauti inakosa mahali. Ukiwa na shaka, zima ampu, chomoa waya upande wake, kisha gusisha ncha hizo kwenye betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja tu: koni kubwa ikisogea nje, upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya.

Sasa kuzipanga. Pima kwa futi kamba kutoka kochi kuu hadi TV. Ikiwa ni mita 2.7, spika ya kushoto na ya kulia ziachane mita 2.7 hizo hizo, zikiwa zimegeuzwa kidogo kumwangalia mkaaji. Tundu dogo la sauti nyembamba liwe usawa wa sikio la aliyekaa, kama mita moja kutoka sakafuni. Ya kati ikikaa chini ya TV iinue pua itazame usoni, na isogeze hadi ukingo wa kabati. Ukiizamisha ndani inaongea kama mtu aliye kwenye pipa. Kata malapa yaliyochakaa vipande vinne uweke chini yake, kabati litaacha kutetemeka.

Spika za nyuma ndizo zinazosumbua, kwa sababu kochi limebanwa ukutani na nyuma hakuna nafasi. Kochi likiweza kusogea mbele hata nusu mita, lisogeze. Lisipoweza, zifunge kwenye kuta za pembeni, sambamba na kochi au nyuma yake kidogo, sentimita 60 juu ya sikio. Usiiweke yoyote karibu na kichwa cha mtu: yeye atasikia hiyo moja tu.

Sabufa haina mahali pa kukariri. Iweke juu ya kochi unalokalia, piga wimbo wenye besi isiyokatika, kisha inama uzunguke kuta ukisikiliza karibu na sakafu. Pale besi inaposikika imenyooka, bila kuvimba wala kuzama, ndipo iwekwe. Kona inaiongezea nguvu lakini mara nyingi inaifanya ivume. Kwenye nyumba ya kupanga iepushe na ukuta wa jirani, ingawa usitegemee miujiza. Besi inapita bloku.

Unganisha TV kwa tundu la HDMI lililoandikwa ARC, halafu kwenye menyu ya sauti ya TV ruhusu itoke bila kugeuzwa. Ikibaki PCM, yaani sauti iliyokwisha kugeuzwa na TV, TV nyingi hutoa sauti ya spika mbili tu. Kwenye ampu jaza umbali wa kila spika uliopima. Mpaka wa besi, yaani pale sauti nzito inapoachiwa sabufa, uwe herzi 80, au 120 kama spika ni ndogo za inchi 3. Cheza mlio wa majaribio wa ampu, shika simu yenye programu ya kupima desibeli usawa wa kichwa, na sawazisha zote zifike 75. Simu haipimi kwa usahihi wa maabara, ila kwa kulinganisha inatosha.

Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi subiri dakika chache, au weka kifaa cha kuchelewesha umeme.

Na masika yakianza kupiga bati, usipandishe sauti yote. Ongeza desibeli mbili au tatu kwenye spika ya kati pekee.