Sataranji: usifungue mstari wa e mfalme akiwa bado katikati

Anayecheza ufunguzi wa Kiitalia (mpangilio mmojawapo wa hatua za mwanzo wa mchezo) kwa kete nyeusi asiharakishe kufungua mstari wa e (kuiacha bila askari safu ya wima ya miraba e1 hadi e8, iliyo katikati ya ubao) kabla ya kumpeleka mfalme pembeni, nyuma ya ngome (kete inayokwenda kwa mistari iliyonyooka), hata kama kete zinazoliwa pande zote mbili zinalingana. Mfano wake ni mchezo wa Wilhelm Steinitz, aliyecheza kete nyeupe, dhidi ya Curt von Bardeleben katika mashindano ya Hastings, Uingereza, mwaka 1895. Katika hatua ya 14 Steinitz alihamishia ngome e1, ikamlenga farasi mweusi aliyesimama e7, na kwa kuwa aliyemlinda farasi huyo ni mfalme peke yake, mfalme hakuweza kukimbilia pembeni bila kumpoteza. Hatua ya 17 ndiyo tamu zaidi, kwa maoni yangu: Steinitz alimtoa askari wake kafara kwa kumsogeza d5, ili farasi wake apate nafasi d4 na kutoka hapo aruke hadi e6. Basi kabla ya kukubali kubadilishana kete katikati ya ubao, hesabu kwanza ni nani atakayewahi kuweka ngome kwenye mstari utakaobaki wazi.