Kikao cha mtandaoni cha grupu la utafiti: jinsi ya kukiendesha bila kumwacha mtu nje

Naratibu vikao vya grupu letu la utafiti hapa Dar, tunafanya kazi ya mikoko na samaki wa pwani. Kuna Prof, kuna wahadhiri, kuna wanafunzi wa masta na PhD, alafu kuna watafiti wasaidizi ambao muda mwingi wako fildi, delta ya Rufiji huko na wengine Kilwa. Mwanzoni vikao vilikuwa vinaenda hivi: Prof anaongea, wahadhiri wanajibu, sisi wengine tumezima maiki tunasikiliza, kikao kinaisha. Sasa kuna dada mmoja alikuwa fildi, akatembea karibu nusu saa kutafuta sehemu yenye netiweki, akakaa chini ya mwembe kikao kizima na hakuna aliyemuuliza kitu, kumbe yeye ndo alikuwa na habari kwamba alama za ploti zetu mbili, yaani vipande tulivyopima vya kuchukulia sampuli, zimebebwa na maji. Tulikuja kujua wiki mbili baadaye, sampuli zishachukuliwa sehemu siyo. Iliniuma sana. Toka hapo nikipanga kikao namuwaza yeye kwanza, mwenye simu ndogo na netiweki ya kubahatisha, maana kikao kikimfaa yeye, mwenye laptopu na waifai ya ofisini hatashindwa.

Anza na muda, hapo ndo watu wengi wanapotezwa. Sisi tulikuwa na kikao kila Jumatatu saa nne asubuhi, kwa mtu wa ofisini ni saa nzuri, foleni imepungua na chai ameshakunywa. Ila kwa mtu wa mikoko ni balaa, kwa sababu pwani yetu hii wakati wa bamvua, zile siku bahari inajaa sana na kupwa sana, maji hupwa kwenye saa nne saa tano hivi asubuhi, na maji yakipwa ndo kazi inafanyika, hawezi kuacha tope akaja kwenye Zoom. Tukahamia wiki za maji mafu, zile siku bahari inajaa na kupwa kidogo tu. Bamvua inakuja na mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji mafu yanakaa katikati, kwa hiyo ukifanya kikao kila baada ya wiki mbili na ukaanzia kwenye maji mafu kinaendelea kuangukia humo humo, baada ya miezi miwili hivi utaona kinaanza kuhama, unasogeza siku chache basi. Kama grupu lenu ni la wauguzi, angalieni zamu za wodini, kama ni la kilimo angalieni msimu, yaani kila kazi ina maji yake ya kupwa na kujaa, ulizeni wanaoifanya.

Ijumaa usiweke kitu saa sita hadi saa nane mchana, watu wako msikitini. Mwezi wa Ramadhani kikao cha saa kumi na moja jioni kinamkuta mtu yuko jikoni au yuko barabarani anawahi futari. Na jioni za kawaida pia kuwa makini, mtu anayekaa Mbagala au Gongo la Mboto akitoka kazini saa kumi na moja, saa kumi na mbili bado yuko kwenye daladala, atasikia lakini kuongea hawezi.

Kingine cha saa, na hiki kimetuponza: kama mna wenzenu nje ya nchi andika muda kwa namna zote mbili. Mgeni ukimwambia kikao ni saa kumi anaelewa 10:00 na wewe ulimaanisha 16:00. Alafu kumbuka sisi saa zetu hazibadiliki mwaka mzima, wenzetu wa Ulaya wanabadilisha mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, kwa hiyo tofauti yetu na Uingereza ni masaa mawili kipindi chao cha joto na matatu kipindi cha baridi. Mimi ujumbe wa kikao naandika hivi, tena kwenye grupu la WhatsApp, siyo kwenye imeili peke yake:

"Habari zenu. Kikao ni Jumatano saa 8 mchana (14:00 Dar, 12:00 London). Dakika 40. Tutaongelea mambo mawili: ploti za Rufiji, na rasimu ya sura ya pili ya mwenzetu. Linki hii hapa. Kamera si lazima. Ukishindwa kuingia tuma voisi noti kabla ya saa 6, tutaisikiliza kwenye kikao."

Hilo la kamera naomba lizingatiwe sana. Bando ni hela ya mtu. Sauti peke yake kwenye Zoom inakula MB 30 na kitu kwa saa, ila video ya watu wengi inaweza kufika MB mia nane mia tisa kwa saa hiyo hiyo, na mwanafunzi asiye na ufadhili anajinunulia mwenyewe. Mwenyekiti akisema "washeni kamera tuonane" anamtoa mtu kwenye kikao bila kujua. Tena siyo bando tu, mtu anakaa chumba kimoja na wadogo zake, hataki kuonyesha kitanda. Slaidi pia zitumwe mapema kwenye WhatsApp kama PDF ndogo ili mtu azifungue kwenye simu yake huku anasikiliza. Kama mradi una hela, wekeni fungu la bando kwenye bajeti toka mnapoandika pendekezo, kama mnavyoweka mafuta ya gari.

Zoom ya bure inakata dakika 40, Google Meet ya bure ni saa moja mkizidi wawili. Sisi tumebaki na hizo 40 kwa makusudi, zinatosha.

Dakika tano za kwanza ni za salamu na usizikate. Najua kuna watu wanaona ni kupoteza muda, mimi naona hapo ndo kikao kinapoanza kweli. Shikamoo Prof, marahaba, za fildi, mama anaendeleaje, mtoto kapona? Mtu akishaongea mara moja akasikika maiki yake inafanya kazi, mara ya pili anaongea bila woga. Mwite kila mtu kwa jina, wa simu kwanza maana anaweza kukatika wakati wowote.

Alafu mpangilio wa kuongea, hapa nasisitiza: mdogo aanze, mkubwa amalizie. Sisi tumelelewa kutomkatiza mkubwa, na ni malezi mazuri, ila Prof akishatoa maoni yake hakuna mwanafunzi wa masta atakayesema tofauti, kimya kitatawala na utadhani wote wamekubali. Nilimfuata Prof pembeni nikamuomba kwa heshima awe anaongea mwisho, akakubali siku hiyo hiyo, na sasa akisahau mwenyewe anasema "samahani, endeleeni". Kama wewe ni mwanafunzi unaratibu, usimwambie mbele za watu, mfuate.

Lugha nayo iachieni. Tasnifu inaandikwa Kiingereza sawa, lakini mtu akieleza kilichotokea fildi kwa Kiswahili anaeleza yote, ukimlazimisha Kiingereza anakupa sentensi mbili anafunga maiki. Akiwepo mgeni, mmoja wenu amtafsirie kwa kuandika kwenye chati.

Kurekodi: uliza kwanza, kila mara. Na mkifika kwenye mahojiano ya wavuvi au jina la mwanakijiji yeyote, simamisha rekodi, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na hata isingekuwepo wale watu walituamini.

Kikao kikiisha, mwenye zamu anatuma muhtasari siku hiyo hiyo, mistari mitano na voisi noti ya dakika mbili, nani anafanya nini mpaka lini. Zamu inazunguka kwa wote, hadi wahadhiri.

Na mtu akikosa vikao viwili mfululizo usimuandikie kwenye grupu "mbona huonekani", atajisikia vibaya na atazidi kupotea. Mpigie simu. Muulize huwa anapata netiweki saa ngapi, na kikao kijacho kiwekeni saa hiyo.