Masjala ya mirathi kwenye kompyuta: ya kuweka sawa kabla ya kuskani

Jalada la mirathi ni gumu kuliko la deni. Deni lina watu wawili. Mirathi ina warithi kumi na mbili, mmoja yuko Muscat, mwengine Mombasa, na shamba la mikarafuu ambalo halijagawiwa tangu alipofariki babu. Mahakama ya Kadhi inayotaka kupokea nyaraka kwa mtandao, iwe Unguja au Pemba, ianze na vitu vitatu ambavyo skana haivitatui: majina, karatasi na hesabu ya mafungu.

Majina ndiyo yanayovuruga zaidi. Kwetu mtoto hupewa jina la babu yake, kwa hiyo Juma Ali Juma na Ali Juma Ali wanaweza kuwa baba na mwana, na wote wawili ni marehemu. Ongeza na tahajia: Khamis, Hamis, Hamisi. Mfumo unaotafuta herufi kwa herufi utakwambia hakuna jalada, nalo lipo. Kila marehemu atambulishwe kwa namba ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kama alikuwa nacho, tarehe ya kufariki na shehia, yaani eneo linalosimamiwa na sheha, kiongozi wa mtaa. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha kifo, bila kusahihishwa na karani, kisha pawe na nafasi ya pili ya majina mengine, pamoja na lile alilojulikana nalo mtaani. Tarehe ziwe mwaka-mwezi-siku, maana 05/07 kila mtu ataisoma anavyojua. Hati kongwe zenye mwaka wa Hijria zigeuzwe kwanza. 1384 ikiingia kwenye nafasi ya mwaka wa Miladi, jalada limepotea.

Sasa karatasi. Toa pini zote, nyoosha pembe, na wakati wa masika usiliskani jalada lililotoka kabatini na unyevu: kurasa hushikana na mashine huvuta mbili kwa pamoja. Hesabu kurasa kabla na baada. Nukta 300 kwa inchi zinatosha. Usitumie hali ya nyeusi na nyeupe tu; dole gumba la shahidi lililopauka hutoweka kabisa. Tumia kijivu, na rangi kwa ukurasa wenye muhuri. Angalia na ukubwa: viapo vingi vya zamani viko kwenye fulskepu, ndefu kuliko A4 kwa takriban sentimita tatu. Skana iliyowekwa A4 hukata hizo tatu za chini, na hapo ndipo penye saini. Geuza kila karatasi, nyuma huwa na maandishi ya kadhi.

Kila aina ya waraka iwe faili lake: cheti cha kifo, barua ya sheha, orodha ya warithi, hati za mali. PDF moja ya kurasa themanini haimsaidii mtu.

Kwenye mafungu, wajenzi wa mifumo hupenda asilimia. Wakatalie. Marehemu ameacha mke na watoto watatu wa kiume: mke thumuni, yaani 3 kati ya 24, na kila mtoto 7. Geuza iwe asilimia zenye desimali mbili: 12.50, na 29.17 mara tatu. Jumla 100.01, mfumo unakataa, karani anapunguza kwa mmoja wa watoto ili upite. Huyo ameshadhulumiwa kwa kompyuta. Hifadhi asili ya mas-ala, yaani jumla ya mafungu yote (hapa 24), na fungu la kila mrithi kwa namba nzima.

Mrithi akifariki kabla ya mgao, yaani munasakha, usifute jina lake wala usiingize watoto wake moja kwa moja kwenye mirathi ya babu. Fungua jalada jipya la huyo marehemu, liunganishwe na la kwanza kwa namba. Mfumo usioweza kuunganisha majalada hivyo haufai kununuliwa.

Wazee wengi watakuja mkono mtupu. Karani awaingizie taarifa zao, lakini kabla ya kubonyeza kutuma awasomee kwa sauti orodha ya warithi na aulize wazi: hakuna mke mwengine? hakuna mtoto wa nje ya nyumba hii? Kosa hilo likishaingia, kulitoa ni kesi nyengine.

Na umeme. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima baada ya hitilafu ya umeme wa kutoka bara, na kuanzia Disemba 2009 ikawa takriban miezi mitatu. Daftari la mkono la mapokezi libaki mezani. Kanuni iandikwe mapema: mfumo ukizima, tarehe ya kupokelewa ni ya daftarini, na karani aiingize siku huduma inaporudi. Wasia wenye saini ya asili hauchanwi wala haurudishwi kwa familia kwa sababu tu umeshaskaniwa. Unawekwa kwenye bahasha, na namba ya jalada juu yake.