Kagua begi kabla ya kuvuka kwenda Saanane

Unakwenda Saanane, hifadhi ya kisiwani ndani ya Ziwa Victoria? Kagua begi ukiwa bado Capri Point, Mwanza, boti haijaondoka. Mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa, hata ule mweusi uliokunjwa ndani ya pochi, umepigwa marufuku Tanzania Bara nzima tangu 1 Juni 2019. Ukikutwa nao: faini ya Sh30,000 hadi Sh200,000, kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Hamishia vitafunwa kwenye kikapu au chombo chenye kifuniko.

Tumbili usimpe chochote, hata ganda la ndizi. Akishazoea, ataanza kupokonya watoto. Pimbi wanaoota jua mawemawe waangalie kwa mbali. Ziwani usiingie, mamba wapo. Ukitozwa faini, dai risiti hapohapo. Bila hiyo huna ushahidi kuwa umelipa.