Kabla Hujadunga Dawa ya Kuharakisha Mfupa Uliorefushwa

Mdogo wangu alitoka hospitali na fremu ya Ilizarov kwenye muundi, yaani pete za chuma zinazouzunguka mguu na kuushika mfupa kwa nyaya ili urefushwe, spana mfukoni na karatasi ya hesabu. Robo mzunguko asubuhi, robo mchana, robo jioni, robo kabla ya kulala. Kila robo ni robo milimita, kwa hiyo siku ikiisha ncha za mfupa uliokatwa zimeachana milimita 1. Sentimita 5 ni siku 50 za kuzungusha nati, halafu mfupa mpya unasubiriwa ukomae, mara nyingi mwezi mmoja au zaidi kwa kila sentimita. Ni katika miezi hiyo mirefu ndipo mgonjwa hulala na simu mkononi akitafuta sindano ya kumaliza mapema. Simlaumu. Ila kuna mambo ya kupima kwanza.

Kubwa kuliko yote ni kujua uko hatua gani. Gavriil Ilizarov, daktari wa Kurgan kule Siberia, alianza njia hii miaka ya 1950 baada ya kuona kwamba mfupa ukivutwa polepole hulijaza pengo lake wenyewe. Baada ya kukatwa unaachwa utulie siku 5 hadi 7, ndipo unavutwa, na mwisho unaachwa ukomae. Sasa, wakati wa kuvuta hutaki mfupa uwahi kuunga. Ukiwahi, pengo linafungwa kabla urefu haujatimia, nati zinakaza, nyaya zinapinda, na huenda ukarudishwa chumba cha upasuaji kukatwa upya. Dawa inayofanya kazi kweli, ikitumika wiki isiyo yake, inaweza kukuletea hasara hiyo. Tena mfupa hauko peke yake humo ndani. Misuli na neva nazo zinavutwa, na hakuna sindano ya mfupa itakayonyoosha msuli wa nyuma ya mguu. Mdogo wangu alianza kukanyagia vidole, kisigino hakigusi chini, na kilichomsaidia ni mazoezi ya fizio ya kila siku, machozi yakimtoka.

Kisha itambue dawa yenyewe, kwa jina lake. Teriparatidi, sindano ya kujenga mfupa, iliidhinishwa Marekani mwaka 2002 kwa watu ambao mifupa yao imekuwa dhaifu na rahisi kuvunjika. Kuitumia kwenye mfupa uliorefushwa ni nje ya kibali hicho. Ilibeba onyo la saratani ya mfupa iliyoonekana kwa panya hadi mwaka 2020 onyo hilo lilipoondolewa, lakini kijana ambaye bado anakua, au aliyewahi kupigwa mionzi kwenye mifupa, hapewi. Protini ya BMP-2, inayochochea mfupa kuota, huwekwa na mpasuaji mwenyewe, si kitu cha kudungia sebuleni. Homoni ya ukuaji hupandisha sukari na kujaza maji mwilini, na mguu ukivimba utashindwa kujua kama ni dawa, usaha au damu iliyoganda.

BPC-157, peptidi (kipande kidogo cha protini) ya kutengenezwa maabara, ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu ndiyo inayopatikana kirahisi. Mengi yanayosemwa juu yake yametoka kwa wanyama wa maabara, na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli michezoni, limeiweka kwenye orodha yake ya marufuku tangu 2022. Kichupo nilichokiona kilikuwa na unga mweupe kidogo chini, lebo iliyosema ni kwa utafiti tu, hakina jina la kiwanda. Unachanganya na maji mwenyewe. Na mwenye fremu tayari ana matundu kadhaa ya nyaya kwenye ngozi, kila moja ni mlango wa vijidudu.

Ukiambiwa ni utafiti, omba kuona kibali. Tanzania dawa za majaribio hupitia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na kamati ya maadili. Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Utafiti wa kweli unakupa fomu ya ridhaa kwa lugha unayoielewa, unakueleza nani atakutibu ukidhurika, na unakuruhusu kujitoa siku yoyote. Anayekwepa maswali hayo, mwache.

Kabla ya hayo yote, mwambie daktari kama unavuta sigara, maana sigara huchelewesha mfupa kuunga. Uliza kuhusu dawa za maumivu kama diklofenaki, kwani wapasuaji wengi huziepuka kipindi hiki. Pima vitamini D. Haya hayana mvuto wa kichupo, lakini ndiyo niliyoona yakibadilishwa kwanza kliniki, kabla daktari hajaishika picha ya eksirei kwenye mwanga na kutuonyesha ule ukungu mwembamba wa mfupa mpya katikati ya pengo.

Na kama umeshadunga, usifiche. Kichukue kichupo chenyewe uende nacho kliniki, pamoja na daftari la tarehe na robo ulizozungusha. Kifua kikibana ghafla au pumzi ikikata, usisubiri kliniki. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, kichupo mkononi.