Tairi ya pikipiki ya zamani: soma janti kwanza
Usinunue kwa kufuata namba za tairi iliyofungwa sasa. Mara nyingi mtu alifunga iliyopatikana sokoni. Angalia namba zilizogongwa kwenye janti. 1.85 x 18 ni upana wa ndani inchi 1.85, kipenyo inchi 18. Hiyo inabeba vizuri tairi ya 3.00-18 (upana inchi 3, ya janti ya inchi 18). Kwa vipimo vya milimita, inayokaribia ni 90/90-18 (upana milimita 90, kimo asilimia 90 ya upana), ingawa ni pana kidogo. Mawe ya volkeno ya Goma huwashawishi wengi kufunga tairi ya upana wa milimita 110. Kwenye janti nyembamba kingo zake hubanwa, tairi inavimba katikati, pikipiki inayumba konani na tairi inaweza kusugua cheni. Mpira wa ndani nao uwe wa saizi ileile ya tairi. Ukiwa mkubwa hujikunja, kisha hupasuka penye mkunjo.