Jinsi ya kuomba ruzuku ya Umoja wa Ulaya kwa ajili ya biashara za kijamii vijijini

Maombi mengi ya ruzuku hukwama hata kabla mtathmini hajafika kwenye wazo lenyewe. Shirika limeingia kwa mlango usio wake, fomu moja haina sahihi, au asilimia ya fedha inayoombwa imepita kiwango. Mwongozo huu unahusu miito ya wazi (matangazo ya kukaribisha maombi ya ruzuku) ya Kamisheni ya Ulaya kwa nchi zilizo nje ya Umoja huo, hasa ile ya hatua mbili: andiko dhana kwanza, yaani maelezo mafupi ya wazo la mradi, kisha andiko kamili kwa watakaochujwa na kubaki. Kila mwito una mwongozo wake kwa waombaji, na pale unapotofautiana na maelezo haya, fuata huo.

Kwanza, jua unaingia kama nani

Hapa ndipo biashara za kijamii huumia zaidi. Miito mingi inataka mwombaji mkuu awe taasisi isiyogawa faida. Kampuni inayonunua mazao ya wakulima wadogo kwa bei nzuri inaweza kuwa na lengo safi kabisa la kijamii, lakini ikiwa katiba yake inaruhusu wenye hisa kugawana faida, haitapita. Kinachosomwa ni katiba. Utangulizi mtamu wa tovuti yenu hautawasaidia.

Biashara ya namna hiyo ina njia mbili. Inaweza kuwa mwombaji mwenza, ikiwa mwongozo wa mwito unaruhusu. Au isubiri mnufaika mkuu, yaani shirika linaloshinda mwito, apate ruzuku na kutoa sehemu yake kwa biashara ndogo. Mwongozo wa mwito huuita utaratibu huu msaada wa fedha kwa wahusika wengine. Kiwango cha kawaida ni kisichozidi euro 60,000 kwa kila mpokeaji, na anayechagua wapokeaji ni mnufaika mkuu kwa vigezo alivyovieleza kwenye andiko. Kwa kikundi cha kijijini kisicho na mhasibu wa kudumu, mlango huu wa pili mara nyingi ndio wa busara. Ruzuku kubwa huja na ripoti, ukaguzi na taratibu za manunuzi zinazoweza kuilemea biashara changa.

Sajili shirika mapema

Mwito utataja mfumo wa kujisajili. Ukidaiwa PIC, hiyo ni namba ya tarakimu 9 inayotambulisha shirika lako kwenye mifumo ya Kamisheni. Jina unaloandika lifanane herufi kwa herufi na la cheti cha usajili, na pia la akaunti ya benki. Cheti kikisema “Chama cha Ushirika” na benki ikasema “Ushirika” tu, mtaulizwa siku ya mkataba, wakati muda umebana.

Maswali kuhusu mwito hutumwa kwa maandishi, kwa kawaida si chini ya siku 21 kabla ya tarehe ya mwisho, na majibu hutolewa si chini ya siku 11 kabla yake. Swali la “je, sisi tunastahili?” halijibiwi kwa shirika moja moja. Uliza maana ya kifungu.

Andiko dhana

Liandikwe kwa lugha ya mwito, kwenye fomu ya mwito, bila kuzidisha kurasa. Kwa kawaida hupimwa kwa jumla ya alama 50, na likipata chini ya 30 halisongi mbele. Jambo zito hapa ni uhusiano wa mradi na malengo ya mwito. Mwito ukisema “ajira kwa wanawake vijijini”, usitumie kurasa mbili kueleza mabadiliko ya tabianchi kwa sababu tu mnayajua vizuri.

Umaskini uelezwe kwa kuonyesha njia unayoingilia. “Wakulima ni maskini” haimsaidii mtathmini. Andika kwamba wanauza maziwa siku hiyohiyo kwa bei ya mnunuzi kwa sababu hakuna tangi la kupozea, kwamba biashara yenu itaweka tangi na kulipa kwa lita, na kwamba ruzuku ikiisha gharama za tangi zitabebwa na makato fulani kwa kila lita. Hilo la mwisho ndilo swali la uendelevu, nalo hujibiwa kwa hesabu.

Kiasi mnachoomba kifikirieni sasa, maana kwenye andiko kamili hakiruhusiwi kutofautiana na makadirio haya kwa zaidi ya asilimia 20.

Andiko kamili na bajeti

Uwezo wa fedha na utendaji hupimwa peke yake: alama 20, na chini ya 12 mnaondolewa hata kama mradi ni mzuri kiasi gani. Tajeni miradi mliyowahi kusimamia, kiasi chake na mfadhili wake.

Kwenye jedwali la mantiki ya mradi, linaloonyesha shughuli, matokeo na namna ya kuyapima, kila kiashiria kiwe na hali ya kuanzia, mwaka wake, na lengo. “Mapato kuongezeka” si kiashiria.

Sasa bajeti. Tuseme gharama za moja kwa moja ni euro 400,000. Gharama za uendeshaji zisizo za moja kwa moja haziruhusiwi kuzidi asilimia 7 ya hizo, yaani 28,000. Jumla ni 428,000. Mwito ukitoa hadi asilimia 80, mnaomba 342,400, na 85,600 mtazitafuta wenyewe. Kosa la kila siku ni kujaza pengo hilo kwa thamani ya ardhi ya kijiji au nguvu kazi ya wanachama. Michango isiyo ya fedha kwa kawaida haihesabiwi, isipokuwa mwongozo wa mwito useme vinginevyo. Gharama mlizotumia kabla ya mkataba nazo kwa kawaida hazirudishwi.

Ruzuku ikizidi euro 750,000, andaeni ripoti ya mkaguzi wa nje ya hesabu za mwombaji.

Kutuma

Tamko la mwombaji mkuu lisainiwe, na kila mwombaji mwenza asaini idhini yake. Mwenza wa kijijini asiye na skana ndiye huchelewesha wote, hivyo fomu yake ianze safari wiki 2 kabla.

Saa ya mwisho ni ya Brussels. Ikiandikwa 12:00, hiyo ni saa 6 mchana kule; kwa Afrika Mashariki ni saa 8 mchana majira yao ya baridi, na saa 7 mchana majira ya kiangazi. Aliyesoma “12” akangoja jioni atakuta mfumo umefungwa.

Mkichaguliwa mtaombwa katiba, hesabu za mwaka uliopita, fomu ya utambulisho wa kisheria na ya akaunti ya benki. Hati hizo zisipofika kwa tarehe iliyotajwa, nafasi inaweza kwenda kwa aliye kwenye orodha ya akiba.